Montserrat kuna watu: safari yangu ya wiki ya Mtakatifu Patrick

Alhamisi

Kutoka London mpaka Antigua ni masaa nane na kitu, hapo hakuna la kusimulia, karibu ndege nzima ni watu wa mahoteli na bichi na wakishuka kila mmoja ana kibao chenye jina lake kinamsubiri mlangoni. Sisi wa Montserrat tulikuwa wachache, tukaelekezwa kwenye kaunta ndogo pembeni, mabegi yakapimwa, halafu na wewe mwenyewe unaombwa upande mzani, maana kandege kenyewe ni ka injini mbili za panga na abiria hatufiki kumi, kwa hiyo kilo zako ndo zinaamua unakaa wapi. Mimi nikawekwa mgongoni kwa rubani kabisa, naona mishale yake yote.

Angani dakika ishirini hazifiki. Kwanza unaona Redonda, jiwe tupu katikati ya bahari, halafu Montserrat inatokea na hapo hapo bila kuambiwa na mtu unaelewa habari yote ya kisiwa: kusini kijivu, mlima umevaa wingu na mvuke, mabonde yamejaa majivu mpaka baharini, na kaskazini kijani kibichi na vipaa vya nyumba vimebanana. Watu wote wanaishi kwenye hicho kipande cha kijani. Zaidi ya nusu ya kisiwa hairuhusiwi kuishi mtu.

Kwa ambao hawajawahi kuisikia, Montserrat ni eneo la ng'ambo la Uingereza huko Karibiani ya mashariki, si nchi huru, mkuu wao ni Mfalme Charles, gavana anatumwa kutoka London, na wao wenyewe wanachagua wabunge tisa na kuwa na waziri mkuu wao. Ukubwa wake ni kilomita za mraba 102, yaani ndani ya Unguja zinaingia Montserrat kumi na tano na bado panabaki. Kabla ya volkano ya 1995 walikuwa zaidi ya watu 10,000, leo ni kati ya 4,000 na 5,000. Sasa fikiria wanatakiwa wawe na hospitali, mahakama, polisi, shule ya sekondari, redio ya taifa, timu ya taifa, kila kitu cha nchi, kwa watu wa idadi ya kata moja ya Dar. Hilo ndo lilinivuta, na nimechoka kuona video za watu wanaoenda kule kupiga picha magofu halafu wanaondoka wanasema wameiona Montserrat.

Uwanja wa ndege uko juu ya kilima pale Gerald's, ulifunguliwa 2005 kwa sababu ule wa zamani wa pwani ya mashariki uliliwa na volkano. Njia ya kurukia ni fupi mpaka unajikuta unashika kiti, na chini yake wamepitisha barabara ya magari kwenye handaki maana hapakuwa na pengine pa kuipitisha. Uhamiaji wakanigongea pasi muhuri wa kijani wenye umbo la jani lile la Waayalandi, shamrock. Nitalieleza Jumatatu.

Mwenyeji wangu ni mama mmoja, mdogo wake jirani yangu wa Hackney. Upande ule wa London wa Hackney na Stoke Newington kuna Wamontserrat wengi tangu miaka ya hamsini na sitini, na wengine wengi walifika baada ya volkano. Huyu jirani yangu, bibi mtu mzima, ndo aliyeniambia miaka yote usiende Barbados nenda kwetu, mpaka nikaenda. Mdogo wake alikuja kunipokea na pikapu, kitu cha kwanza kunifundisha kabla hata ya kuwasha gari ni kwamba hapa ukiingia mahali popote, duka, ofisi, basi, unasalimia kwanza watu wote kwa sauti, asiyesalimia anaonekana hana wazazi. Nikamwambia mama, hilo kwetu ni sheria, akacheka akasema basi tutaishi vizuri.

Anakaa Lookout, mtaa uliojengwa baada ya volkano kwa ajili ya waliohamishwa, kaskazini mashariki, upepo wa bahari unapiga usiku kucha. Jirani tu hapo kuna uwanja wa mpira wa Blakes Estate. Wapenda soka mtakumbuka ile mechi ya 30 Juni 2002, siku ileile ya fainali ya Brazil na Ujerumani, timu mbili za mwisho kabisa kwenye orodha ya FIFA zilicheza Thimphu, Bhutan wakawafunga Montserrat 4-0. Timu ya kisiwa ambacho miaka mitano tu nyuma kilikuwa kimepoteza mji mkuu na uwanja wa ndege! Siku hizi wachezaji wengi ni watoto wa Wamontserrat waliozaliwa Uingereza na hawafungwi hovyo tena.

Ijumaa

Leo tumezunguka Brades na Little Bay. Brades ndiko ziliko ofisi za serikali sasa, lakini kisheria mji mkuu bado ni Plymouth, mji uliofukiwa, haujafutwa. Usitegemee mji wa maana, ni barabara inayopanda na kushuka vilima, benki, posta, maduka mawili matatu makubwa, kantini, na watu wanaosimamisha magari katikati ya barabara kuongea, na wa nyuma anasubiri bila kupiga honi maana na yeye anamjua huyo anayeongea.

Hela yao ni dola ya Karibiani ya Mashariki, imefungwa kwa dola ya Marekani tangu 1976, 2.70 kwa moja. Bei ziko juu kwa sababu karibu kila kitu kinakuja na meli, mashamba mazuri yalikuwa kusini na kusini ndo kulikofungwa. Dukani nilisikia Kihispania kwenye foleni, nikadhani watalii, kumbe ni watu wa Jamhuri ya Dominika wanaoishi hapa. Wapo pia wa Guyana, Jamaika, Haiti, Dominica, hao ndo mafundi, wauguzi, walimu, wapishi. Wenyeji walipoondoka wengi nafasi zilibaki wazi na hawa wakazijaza, wengine wamezaa hapa, watoto wao wanaongea krioli ya Montserrat, Kiingereza chao cha mchanganyiko, huwezi kuwatofautisha. Mama mwenyeji anasema kuna wenzake wananung'unika, yeye anawauliza, nani alikutoa damu hospitali wiki iliyopita?

Saa sita kamili mchana king'ora kikalia kisiwa kizima. Nilisimama. Hakuna mwingine aliyesimama, muuza duka aliendelea kunihesabia chenji. Ni king'ora cha volkano, wanakijaribu kila siku saa sita kuhakikisha kinafanya kazi, na wao wanakitumia kujua muda wa kula umefika.

Jioni tukaongea sana kibarazani kuhusu Uingereza na mimi nikasikiliza zaidi kuliko kuongea. Mlima ulianza tarehe 18 Julai 1995, baada ya kulala karne na karne. Watu wa Plymouth walihamishwa Agosti, wakarudi, wakahamishwa Desemba, wakarudi, wakahamishwa Aprili 1996 na hawakurudi tena. Walilala makanisani na madarasani, vyoo vya foleni, si wiki moja ni miaka. Waliokwenda Uingereza kwenye mpango wa kuhamishwa mwanzoni walipewa ruhusa ya kukaa miaka miwili tu, ukazi wa kudumu ukaja 1998, na uraia kamili wa Uingereza 2002. Agosti 1997, wakati watu wanaomba fedha za kujenga kaskazini, waziri wa maendeleo ya kimataifa wa Uingereza Clare Short akasema hawa wataomba tembo wa dhahabu sasa. Mama huyu ana miaka zaidi ya sitini, alikuwa analala darasani na watoto wawili siku ile, na hiyo sentensi anaikumbuka mpaka leo kwa lafudhi yake. Mimi ninalipa kodi Uingereza na nasema wazi, lilikuwa neno la aibu kuwaambia watu waliopoteza nyumba. Zaidi ya nusu ya bajeti ya Montserrat bado inatoka London, ndiyo, lakini kisiwa hiki kilitoa sukari, pamba na ndimu kwa mabwana wa Uingereza kwa mamia ya miaka na hakuna aliyekiita mzigo wakati ule.

Jumamosi

Plymouth huendi peke yako. Inabidi mwongozaji mwenye leseni, kibali, na yeye anakuwa na redio ya mawasiliano muda wote, akiambiwa toka mnatoka. Sehemu hiyo wanaiita kanda V. Tulipita kwanza bonde la Belham, hapo palikuwa na uwanja wa gofu na daraja, sasa ni tope la volkano lililokauka, daraja liko chini huko, gari linapita juu ya mchanga na mvua kubwa ikinyesha mlimani njia inafungwa kabisa.

Lazima nieleze huu mlima maana si volkano tuliyoizoea kuisikia kwetu. Wenzetu wa Goma wanaijua lava ya Nyiragongo, nyepesi, inatiririka mpaka mjini kama ilivyokata mji katikati 2002. Hii ya Soufrière Hills ni kinyume, lava yake nzito haitiririki, inajirundika juu inakuwa kuba, linakua wiki kwa wiki, likizidiwa linaporomoka, na likiporomoka linashusha wingu la gesi, majivu na mawe, joto la mamia ya nyuzi, kasi kuliko gari la barabara kuu. Lava ya Goma ile ya 2002 wengi waliweza kuikimbia. Hili wingu hulikimbii.

Tarehe 25 Juni 1997 liliua watu 19. Wengi walikuwa ndani ya eneo lililofungwa, kwenye mashamba na mifugo yao, na watu wa mbali wanapenda kusema basi walikuwa wakaidi. Walikuwa wakulima. Kaskazini hawakuwa na ardhi, kambini chakula hakikutosha, viazi na karoti zao zilikuwa tayari shambani. Hata baraza la uchunguzi wa vifo lilisema kuchelewa kuwapa wakulima ardhi salama kulichangia. Mwongozaji wetu alikuwa anawafahamu, akataja majina yao polepole huku anaendesha, majina nayaacha kwake na kwa ndugu zao.

Plymouth yenyewe iliangamia Agosti 1997. Unatembea barabarani lakini barabara iko mita kadhaa chini ya miguu yako, unachokanyaga ni usawa wa ghorofa ya pili, unaingia jengo kwa dirisha la juu. Niliingia chumba kimoja kilichokuwa ofisi. Meza ipo, droo zimevimba hazifunguki, juu ya meza majivu yameganda mpaka yamekuwa saruji, na ndani ya hiyo saruji kumetokeza nusu ya stepla, kona ya kitabu cha risiti na mpini wa kikombe. Mtu aliacha chai yake akijua Jumatatu atarudi. Nje mti umeota katikati ya paa, mbuzi pori wanazunguka, na harufu ya salfa inakuja na kwenda kutegemea upepo.

Ila kuna kitu sikuwahi kukiona kwenye hizo video za magofu: Plymouth kuna kazi. Gati la zamani linatumika, malori yanachota mchanga wa volkano uliosombwa na mvua, unapakiwa kwenye tishari unaenda kujenga visiwa vingine. Mlima uliofukia mji unauzwa kwa tani. Na upande huohuo wa kusini magharibi walichimba visima vya mvuke wa ardhini kuanzia 2013 wakitafuta umeme, maana sasa hivi wanategemea zaidi jenereta za dizeli, na wakaupata mvuke, ila umeme wenyewe bado haujafika majumbani. Wakenya wa Olkaria mnaofua umeme wa mvuke mngekaribishwa sana hapa, na siongei kwa utani.

Kurudi tulipanda Richmond Hill kwenye hoteli iliyoachwa, bwawa la kuogelea limejaa majivu na majani marefu, mapokezi bado kuna karatasi za wageni. Halafu tukasimama karibu na kituo cha uangalizi wa volkano pale Flemmings, unaona mlima wote, umetulia, unafuka tu. Mlipuko mkubwa wa mwisho ulikuwa 11 Februari 2010. Wanasayansi wanaupima usiku na mchana hadi leo.

Jumapili

Kanisa asubuhi, Wametodisti, wimbo wa kwanza mpaka wa mwisho watu wamesimama kwa sauti nne. Kofia za akina mama sitaanza kuzieleza maana sitamaliza.

Mchana kazi ikawa mbuzi. Chakula cha taifa kinaitwa goat water, na nilikaa jikoni kwa makusudi nione mwanzo mpaka mwisho. Jikoni yenyewe ni nje, kuni, mafiga matatu na sufuria kubwa jeusi. Mbuzi anakatwa na mifupa yake vipande vidogo, anachemshwa taratibu, povu linaenguliwa, halafu vitunguu, thyme, kitunguu saumu, pilipili nzima isiyopasuliwa, na karafuu. Karafuu nyingi! Nikamwambia mama karafuu zinalimwa kwetu, Pemba ndo kwenyewe, akaniita kaka yake aje asikie. Mwishoni unga kidogo uliokorogwa na rangi ya sukari iliyounguzwa, supu inakuwa kahawia ila inabaki nyepesi, haitakiwi kuwa mchuzi mzito, ukiifanya nzito utaambiwa umepika stew. Inaliwa kwenye bakuli na mkate mgumu wa mviringo. Wapo wanaosema asili yake ni mchuzi wa Waayalandi, wapo wanaosema ni Afrika moja kwa moja, mimi nimekula bakuli tatu na sina ugomvi na upande wowote ila mfupa ule na karafuu ile vilinipeleka kusini ya Sahara, siyo Dublin.

Redio ilikuwa ZJB, redio yao ya taifa, siku nzima, matangazo ya vifo, salamu, soka ya mziki siyo ya mpira, yaani soca. Mfalme wa soca duniani kwa miaka mingi alikuwa mtu wa hapa, Arrow, jina lake Alphonsus Cassell, wimbo wake wa 1982, Hot Hot Hot, umechezwa kwenye harusi za dunia nzima pamoja na za kwetu na wachezaji hawajui umetoka kisiwa cha ukubwa huu. Alifariki 2010. Na hapa hapa George Martin, yule mtayarishaji wa Beatles, alijenga studio yake ya AIR mwaka 1979, wakaja akina Elton John, Stevie Wonder, The Police, Dire Straits, wakirekodi mchana na jioni wanakunywa baa na wanakijiji. Kimbunga Hugo cha Septemba 1989 kikaimaliza, kikavunja au kuharibu nyumba karibu zote za kisiwa pia. Yaani watu walikuwa wamemaliza tu kuezeka upya, miaka sita baadaye mlima ukaamka. Martin alirudi kuchangisha fedha London 1997 na ukumbi wa utamaduni pale Little Bay umetokana na moyo huo. Huyo alikula chumvi yao akaikumbuka.

Jumatatu

17 Machi. Leo ndo leo.

Saa kumi na moja alfajiri tumeshaamka, giza bado, tukaenda Cudjoe Head, hapo ndo zinapoanzia mbio za uhuru kuelekea Salem. Jina la mahali hapa ni zito, inasimuliwa kwamba Cudjoe alikuwa mtumwa aliyetoroka, akakamatwa, kichwa chake kikatundikwa mtini kwenye hii njia panda. Watu wameipa kijiji jina lake, si la aliyemuua.

Sasa hadithi ya shamrock. Waayalandi Wakatoliki walianza kuletwa na kuja hapa miaka ya 1630, wakionewa visiwa vingine na Waingereza Waprotestanti, wengi wakiwa vibarua wa mkataba wasio na kitu, na kufikia 1678 zaidi ya nusu ya Wazungu wa kisiwa walikuwa Waayalandi. Ndo maana kuna Kinsale, kuna Cork Hill, kuna watu weusi kabisa wanaoitwa Riley, Sweeney, Farrell, Ryan. Lakini sitaki mtu apambe hii habari: hao vibarua wengine wakapata mashamba, wakanunua Waafrika, wakawapa majina yao kama unavyoandika jina kwenye jembe lako. Kufikia katikati ya miaka ya 1700 Waafrika walikuwa wengi kuliko Wazungu mara kadhaa.

Mwaka 1768 watumwa wakapanga. Walijua siku ya Mtakatifu Patrick mabwana watakuwa kwenye sherehe wamelewa, wahudumu wa ndani wachukue panga za mabwana, walio nje washambulie kwa walichonacho. Mpango ukavuja, inasemekana mshona nguo mmoja aliwasikia wanapanga, na viongozi tisa wakanyongwa. Ukombozi ulikuja tarehe 1 Agosti 1834, miaka 66 baadaye, hakuna kati yao ambaye angeweza kuuona. Tangu 1985 siku hii ni sikukuu ya taifa Montserrat, na nje ya Ayalandi ni sehemu chache mno duniani zinafunga ofisi siku hiyo, ila hapa inafungwa kwa ajili ya wale tisa.

Hili linawagawa wenyewe. Watalii wanakuja na kofia za kijani na ndevu za bandia, bia ya kijani inauzwa, bodi ya utalii inakiita kisiwa cha zumaridi cha Karibiani, na fedha wanazihitaji kweli. Kijana mmoja mwalimu tuliyekaa naye Salem kwenye vibanda vya vyakula alisema anafundisha 1768 mwaka mzima ila wiki hii anaona wageni wanasherehekea upande wa mabwana bila kujua. Mama mwenyeji akamjibu waache waje, wakila mbuzi wetu tutawaeleza. Mimi niko na mwalimu. Kijani kivaliwe, sawa, lakini mgeni aambiwe kwanza.

Halafu ngoma zikaanza na ubishi ukafa. Masquerade wanakuja na ngoma kubwa na ndogo na filimbi, kofia ndefu zilizochongoka kama za maaskofu na manyoya ya tausi juu, vinyago vya wavu wa waya vilivyopakwa uso wa waridi na macho ya bluu, yaani uso wa bwana, riboni na vioo vidogo vimeshonwa kila mahali, na mkononi mjeledi. Hatua za miguu ni dansi za ukumbini za Wazungu, kisigino na kidole, wamezinyoosha kabisa, lakini mabega na kiuno na mapigo ya ngoma ni Afrika Magharibi. Kila baada ya muda kiongozi anapasua mjeledi hewani, paa! Babu zao walipigwa na hicho kitu, na hawa watoto wa miaka kumi wanakishika wao, wanakipasua wao, na Wazungu wa utalii wanaruka pembeni kupisha. Nilisimama pale jua linapiga sikutaka kukaa.

Akina mama wamevaa vazi la taifa, kitambaa cha mirabaraba ya kijani, nyeupe na rangi ya chungwa. Vijana wa London na Birmingham wamejaa, wajukuu, wanajifunza krioli kwa aibu, mabibi wanawasahihisha. Siku hii moja kisiwa kinajaa mpaka unapata picha kilivyokuwa zamani.

Jumanne

Watu wamechoka, mimi nikaenda msituni Centre Hills. Huu msitu ndo tangi la maji la kisiwa, chemchemi zake zinanywesha kila nyumba, na kuna ndege mmoja, oriole wa Montserrat, dume mweusi na tumbo la njano, hayupo popote duniani isipokuwa hapa, volkano ilimchomea sehemu kubwa ya msitu wake. Tulimsikia muda mrefu kabla ya kumuona kwenye majani ya heliconia. Chura wao mkubwa wanayemwita kuku wa mlimani, ambaye walikuwa wanamla miguu kwenye sikukuu, sikumuona na ni vigumu kumuona, ugonjwa wa ukungu uliingia 2009 ukamaliza karibu wote, wachache waliokolewa wakazalishwa Ulaya na baadhi wamerudishwa 2019 kwenye uzio maalumu. Kupoteza mji, na chura pia.

Nikanywa maji ya Runaway Ghaut, kijito cha njiani, kibao kinasema anayekunywa atarudi. Mchana boti mpaka Rendezvous Bay, fukwe zote za hapa ni mchanga mweusi isipokuwa hiyo moja. Nzuri, ila mimi napenda ile nyeusi zaidi, inang'aa.

Jumatano

Ndege ilikuwa asubuhi, wingu likakaa juu ya Gerald's, ikawa mchana. Hakuna aliyelalamika. Pale nje nilikaa na muuguzi wa Guyana anayeenda likizo, amefanya kazi hapa tangu binti yake akiwa tumboni na sasa binti yuko sekondari. Nikamuuliza kwa nini hakwenda London au Toronto kama wenzake, akasema hapa mgonjwa akitoka hospitali namkuta dukani kesho yake, najua kama anakunywa dawa au hanywi, ukubwa huu naumudu.

Mama akaleta fuko la kumpelekea dada yake: mchuzi wa pilipili chupa mbili zimefungwa kwenye gazeti, jibini ya mapera (si jibini kweli, ni kitamutamu cha mapera), mikate ya muhogo, na picha za nyumba anayojenga chumba cha nyongeza. Kiwanja chao cha Plymouth hati wanayo mpaka leo kwenye kabati, wanajua hakitajengwa wakiwa hai, lakini hii ya Lookout ameijenga kwa mkono wake tofali kwa tofali tangu alipokuwa analala darasani, na dada hajaja kuiona kwa miaka sita, kila mwaka ana sababu, goti, nauli, baridi, wajukuu.

Begi likazidi kilo, wakapima tena, wakanihamisha kiti cha nyuma. Mama akanifuata mpaka mlango wa kuondokea akanishika mkono. "Mwambie paa limekwisha, kitanda chake nimeshanunua, sherehe za Desemba zinaanza kabla ya Krismasi na tiketi inalipiwa nusu nusu. Na umwambie wewe umekuja, hata ndugu yetu hukuwa."

Nimeshamwambia. Tiketi ya Desemba tumeiangalia jana usiku kwenye simu yangu, mezani kwake, na amelipa nusu ya kwanza.